Sauti ya gitaa la Martin inatoka wapi hasa? Nimeingiza mkono tunduni, nina la kusema

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila likitajwa gitaa kavu la Martin, kampuni ya Marekani, haupiti muda kabla mtu hajasema, "Siri ni rozwudi," ile mbao nzito ya mgongo na mbavu. Mwingine atadai ni umri, mwingine atasema watu wamelewa jina. Nimecharaza magitaa haya kwa miaka, nimeyavua nyuzi, nimeyachungulia ndani kwa tochi na kile kioo kidogo cha daktari wa meno, na sasa nashindwa kunyamaza. Niseme mapema ninachoamini, asiyekubali ajipange: sauti ya Martin imekaa kwenye ubao wa mbele na zile fito zilizogundishwa chini yake. Mgongo na mbavu ni kibwagizo. Wimbo wenyewe uko mbele.

Tuanze na sauti yenyewe, maana wengi tunabishania kitu ambacho hatujakieleza. Shika D-28, modeli yao maarufu, piga kodi ya G ya wazi kwa piki, uiache. Besi inatangulia, pana, unaisikia kifuani kabla haijafika sikioni kwa sababu mgongo wa gitaa umekuegemea. Juu yake nyuzi nyembamba zinalia kama kengele. Katikati pameachwa nafasi, na hapo ndipo anapoingia mwimbaji. Halafu sikiliza sauti inavyokwisha: haikatiki, inafifia taratibu, kila uzi na pumzi yake. Sasa shika J-45 la kampuni ya Gibson, lile lenye mabega ya kuteremka lililoanza mwaka 1942, upige G ileile. Linatamka na kunyamaza. Sauti ni kavu, imejaa katikati, haina mkia mrefu. Nalipenda sana J-45, ila ni kiumbe kingine.

Sehemu moja ya tofauti ni urefu wa uzi. Kwenye D-28, kutoka kifupa cha kichwani mpaka kifupa cha darajani (daraja ni kile kipande cha tumboni zinapofungwa nyuzi) ni inchi 25.4, yaani milimita 645 hivi. Gibson hilo huhesabiwa inchi 24.75. Unaweza kudharau hiyo tofauti, lakini mkazo wa uzi unapanda kwa mraba wa urefu, kwa hiyo nyuzi zilezile zikikazwa kwenye sauti ileile, Martin inavuta zaidi kwa asilimia 5 hivi. Mkono wa kushoto unaujua mkazo huo kabla ya sikio. Hata hivyo Martin wenyewe wana modeli ya 000 yenye uzi wa inchi 24.9, mkazo wake umelegea kidogo, na bado kengele zile zimo. Urefu wa uzi haumalizi habari.

Umbo nalo lina fungu lake. Hilo D ni la Dreadnought, jina lililotokana na manowari ya Waingereza ya mwaka 1906. Martin waliyatengeneza magitaa hayo makubwa kwanza mwaka 1916 kwa ajili ya kampuni ya Oliver Ditson, wakaanza kuyatoa kwa jina lao mwaka 1931. Upana wa tumbo ni karibu sentimita 40 na kiuno hakikubonyea sana. Hewa nyingi ndani, besi nyingi nje. Lakini leo kila kiwanda duniani kinatoa umbo hilohilo, na magitaa mengi ya umbo hilo hayana ile sauti. Kwa hiyo twende ndani.

Christian Frederick Martin alizaliwa Markneukirchen, Ujerumani, mwaka 1796. Alifika New York mwaka 1833, na kabla muongo huo haujaisha akahamia Nazareth, Pennsylvania, ambako kampuni ipo hadi leo. Miaka ya 1840 walianza kupanga fito za ndani kwa umbo la X. Fito mbili ndefu zinakatana kati ya tundu na daraja, zinashuka zikipita chini ya mabawa ya daraja mpaka karibu na kingo. Nyuma ya X zipo fito mbili za kukingama kimshazari, na pembeni vifito vidogo kama vidole. Wakati huo nyuzi zilikuwa za utumbo wa wanyama, mkazo wake mdogo. Hakuna aliyekuwa anafikiria chuma. Nyuzi za chuma ziliposhika kasi miaka ya 1920, mpangilio ule wa zamani ndio uliokutwa na uwezo wa kubeba mzigo bila kuuziba ubao mdomo. Mimi jambo hilo linanigusa kila nikilifikiria: wazo la miaka ya 1840 lilikaa karibu miaka 80 likisubiri nyuzi zake.

Na mzigo wenyewe si mchezo. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma, inayoanzia uzi wa unene wa inchi .012, inavuta kilo 70 na ushei. Huo ni uzito wa mtu mzima ananing'inia usiku na mchana kwenye ubao wa sprusi, mbao nyepesi ya mbele, wenye unene wa milimita 3 hivi. Fundi ana njia mbili. Aweke fito nene, gitaa lisivimbe wala kurudishwa kiwandani, na sauti ibaki imefungwa. Au azichonge nyembamba mpaka pale ambapo ubao unakaribia kushindwa, lakini haushindwi. Martin ya miaka ya 1930 iko hapo pa pili, ukingoni kabisa.

Ingiza mkono tunduni kwenye gitaa la aina hiyo (vua nyuzi kwanza, na ondoa pete). Pitisha kidole juu ya ufito wa X kutoka makutano kwenda chini. Utausikia unapanda, unashuka kama bonde, unapanda tena kilima kidogo, halafu unateleza na kuishia ukingoni. Bonde hilo limechongwa kwa makusudi. Ugumu wa ufito unafuata kimo chake kwa mara tatu: ukipunguza kimo nusu, ugumu unabaki sehemu moja tu kati ya nane. Kwa hiyo patasi ikipita mara chache, ubao wa mbele unakuwa kitu kingine.

Ushahidi wangu mkubwa uko kwenye tarehe. Mpaka karibu mwisho wa miaka ya 1930, makutano ya X kwenye Dreadnought yalikuwa inchi 1 tu kutoka ukingo wa tundu, kwa hiyo eneo kubwa la ubao nyuma yake lilikuwa huru kutikisika. Baadaye yakarudishwa nyuma, karibu na inchi 2. Kisha mwaka 1944 mabonde yakaachwa kabisa, fito zikawa nyoofu, kwa sababu wapigaji walikuwa wanafunga nyuzi nzito na mbao zilikuwa zinavimba. Rozwudi ya Brazili, ambayo wengi wanaiapia, iliendelea kutumika kwenye D-28 mpaka mwaka 1969. Sasa jiulizeni: kama siri ni rozwudi, kwa nini wapigaji na wakusanyaji wanayalilia ya kabla ya 1944 kuliko ya miaka ya 1950 na 1960, yenye rozwudi ileile?

Halafu mwaka 1976 Martin wakatoa HD-28. Rozwudi ya India, sprusi ya Sitka, umbo lilelile la D-28 ya siku hizo, ila mabonde yamerudi kwenye fito na nakshi ya ukingoni inayofanana na miba ya samaki imerudi pia. Nimekaa na HD-28 ya zamani na D-28 ya enzi hizo kwenye kiti kimoja, siku moja, nyuzi mpya za aina moja. Hazifanani. HD inafunguka chini, ubao unaitika hata ukigusa uzi kwa ncha ya kidole. D-28 imebana zaidi, imenyooka, inataka piki nzito ndipo izungumze. Nakshi ya miba haitoi sauti. Tofauti kubwa iliyobaki ni fito.

Naweka kituo hapa. Karibuni.

#2

Mkuu uzi mzuri, ila hapo kwenye rozwudi umeteleza. D-18 ni mahogani, D-28 ni rozwudi, na mtu yeyote mwenye masikio anazitofautisha. Unataka kuniambia tofauti hiyo naiota?

#3 Mleta uzi

Huioti, mkuu. D-18 ni kavu zaidi, noti zake zimetengana, na kwenye rekodi mara nyingi nalichagua hilo. Rozwudi ni nzito, mita moja ya ujazo inaelekea kilo 800 na zaidi wakati mahogani inacheza kwenye 550 hivi, na mgongo mzito unarudisha mlio badala ya kuumeza. Sijakataa hilo. Ninachokataa ni kuufanya mgongo uwe chanzo.

Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Yalitengenezwa magitaa 6 ya muundo mmoja, tofauti ikiwa mbao za mgongo na mbavu tu, rozwudi ya Brazili ikiwemo. Wapigaji 52 wakapewa wayapige kwenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya wachomeleaji wasiweze kuona mbao. Alama walizotoa zilikaribiana mno, na ilipokuja kuyatofautisha kwa sikio wengi walipata shida. Na zamani zaidi, mwaka 1862, Mhispania Antonio de Torres alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Mbele akaweka ubao mzuri wa sprusi. Alikuwa anasema hilihili ninalosema, ila yeye alilisema kwa patasi.

#4

Lakini hayo majaribio ya Lancaster yalikuwa ya magitaa ya fundi mmoja, mbao za mbele zimefananishwa kwa makusudi. D-18 na D-28 huwezi kuziweka hapo, maana hata ukichukua D-18 mbili hazifanani.

#5 Mleta uzi

Umesema kweli kabisa, na ndiyo inayonipa nguvu. D-18 mbili, mgongo ni mahogani kote, hazifanani. Kilichozitenganisha ni nini? Ni ubao wa mbele. Unapolinganisha D-18 yako na D-28 ya jirani unapima mbao mbili za mbele halafu unaupa mgongo sifa zote.

#6

Mimi ni fundi, natengeneza na kukarabati. Nakubaliana na mleta uzi kwa sehemu kubwa, lakini ameruka kitu kimoja: sprusi yenyewe. Kabla ya vita vya pili Martin walitumia sprusi nyekundu ya mashariki mwa Marekani, ile wapigaji wanayoiita Adirondack. Ilipoadimika katikati ya miaka ya 1940 wakahamia Sitka ya pwani ya Pasifiki. Kwa hiyo ukitazama vizuri, mabonde na sprusi ya zamani viliondoka karibu pamoja. Huwezi kuyapa mabonde sifa peke yake.

Sprusi nyekundu ni ngumu kwa uzito wake. Ukiipiga kwa nguvu haichanganyikiwi, inaendelea kupanda. Sitka inafunguka upesi kwa mkono mwepesi, lakini ukiibamiza inafika mahali inasema basi. Na mbao mbili za mti mmoja, unene mmoja, naweza kuzishika kwa vidole viwili juu, nikazigonga kwa kifundo cha kidole, moja ikalia na nyingine ikabaki bubu. Kiwanda kinafanya kazi kwa kipimo. Fundi wa mkono anakwangua, anagonga, anasikiliza, anakwangua tena.

Kitu cha pili ni kile kibao kidogo chini ya daraja kwa ndani, ambapo vishanga vya nyuzi vinajishika. Zamani kilikuwa kidogo, cha mbao ya mepo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kikawa kipana na cha rozwudi. Kipo katikati kabisa ya pale panapotikisika. Ukikiongezea uzito hapo ni sawa na kumwekea mtu kiganja kifuani anapoimba. Nimewahi kubadilisha kimoja, kikubwa kwa kidogo, na mwenye gitaa alipolipiga alikaa kimya muda mrefu kabla ya kunitazama.

#7 Mleta uzi

Fundi, heshima yako. La sprusi nalikubali bila ubishi, nililiruka na halikupaswa kurukwa. Narekebisha kauli: ubao, fito, na kibao cha chini ya daraja, vyote ni mwili mmoja unaotikisika. Ila jozi yangu ya HD na D-28 inabaki palepale, kwa sababu zote mbili ni Sitka.

#8

Wakuu, mimi bado mgeni kwenye haya. Hiyo besi mnayosema "inatangulia" kwenye Dreadnought, inatengenezwa na fito au na ukubwa wa boksi? Na kuna njia ya kuisikia mwenyewe bila kufungua gitaa?

#9 Mleta uzi

Swali zuri sana, na jibu ni vyote viwili vikishikana mikono. Hewa iliyomo ndani ina sauti yake, kama chupa ukiipuliza mdomoni. Kwenye Dreadnought sauti hiyo iko karibu na mitikisiko 100 kwa sekunde. Ubao wa mbele una wake wa kwanza, takriban mara mbili ya hapo. Vikiwa karibu karibu vinasukumana, ndiyo maana ubao mwepesi unaisukuma hewa kwa urahisi zaidi.

Fanya hivi. Uzi wa sita, freti ya 3, ni G, mitikisiko 98. Freti ya 4 ni 104. Piga noti moja moja kutoka uzi wazi mpaka freti ya 7, nguvu ileile ya kidole gumba. Utakuta mahali, mara nyingi freti ya 3 mpaka ya 5, sauti inavimba ghafla na mgongo unatetemeka tumboni kwako. Hapo ndipo hewa yako ilipo. Sasa kata kipande cha boksi, funika tundu, upige noti ileile. Ule uvimbe unaondoka, inabaki sauti ya ubao tu. Ndiyo maana G ya wazi kwenye Dreadnought inawalewesha watu: noti yake ya chini imeangukia palepale kwenye hewa ya boksi.

Lipo gitaa mashuhuri linaloonyesha hili kwa njia nyingine. D-28 ya mwaka 1935, namba 58957, lilikuwa la Clarence White, baadaye likawa la Tony Rice, wapigaji wakubwa wa muziki wa bluegrass. Tundu lake lilipanuliwa zamani. Tundu likipanuka, sauti ya hewa inapanda juu, besi inapungua uvimbe, na katikati inajitokeza. Msikilizeni Tony Rice akipiga noti moja moja mbele ya banjo na mandolini. Hamezwi, kila noti inasikika ilikoanza na ilikoishia. Rozwudi ileile ya Brazili, umbo lilelile, lakini tundu na ubao vimelipa gitaa tabia ya peke yake.

#10

Kama ni fito na ubao tu, mbona wengine hawaigi?

#11 Mleta uzi

Wanaiga, tena hawafichi. Collings wa Austin, Texas, na Santa Cruz wa California wamejenga jina lao kwenye Dreadnought zenye fito za mtindo wa Martin ya zamani, na ukizipiga unasikia undugu mara moja. Upande mwingine watazame kampuni ya Taylor: mwaka 2018 waliacha X kwenye baadhi ya magitaa yao wakaleta fito za umbo la V. Mbao nzuri zilezile, sprusi na rozwudi, lakini sauti haielekei Nazareth hata kidogo. Ni safi, imelingana kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita. Badilisha fito, umebadilisha gitaa.

#12

Vipi kuhusu nyuzi? Nina 000 yenye fito za mabonde, nataka besi zaidi, nafikiria kufunga seti ya .013.

#13 Mleta uzi

Usifanye, mkuu wangu. Nakuomba kama ndugu. Mimi nilifanya hivyohivyo kwenye 000 yangu. Seti ya .013 inavuka kilo 80 za mvuto. Wiki za kwanza nilifurahi, sauti ilikuwa kubwa. Baada ya miezi nikaona vidole vinaumia, nyuzi zimepanda juu ya shingo. Nikaweka rula nyuma ya daraja, ikayumba kama bembea kwa sababu ubao ulikuwa umevimba. Kwenye ukingo wa nyuma wa daraja kipande cha karatasi kiliingia. Gundi ilikuwa inaachia. Fundi alilivua daraja, akalisafisha, akaligundisha upya kwa gundi ya moto ya ngozi, lakini ule uvimbe haukurudi wote.

Na besi uliyoitaka hutaipata kwa njia hiyo. Ubao uliokazwa kupita kiasi unabana, hautikisiki kwa uhuru, unapata kelele badala ya kina. Funga .012, na kama ya sasa ni ya fosfa bronzi jaribu ile ya 80/20, shaba 80 na zinki 20. Ya pili inang'aa zaidi ikiwa mpya. Ya kwanza ina joto zaidi na inakawia kuchakaa. Mimi 000 naifunga fosfa bronzi, D naifunga 80/20.

#14

Narudi na majibu (ni yule wa #8). Nimefanya jaribio la kipande cha boksi. Gitaa langu linavimba freti ya 4. Nikifunika tundu linakufa kabisa, nimeshtuka. Lakini nimeona kingine: nikigonga ubao kwa kifundo cha kidole karibu na daraja unalia "dum", nikigonga juu karibu na shingo unalia "tak". Ni kawaida?

#15 Mleta uzi

Ni kawaida kabisa, na umegundua ramani ya fito bila kuingiza mkono. Kule juu, kati ya tundu na shingo, kuna ufito mnene umelala kukingama, kazi yake ni kushikilia shingo isizame. Hapo hapapaswi kulia. Pale "dum" inapoanza ndipo X inapoachia ubao. Sasa gonga taratibu ukishuka kutoka daraja kuelekea ukingo wa chini, kushoto kwanza, halafu kulia, usikilize mahali sauti inapobadilika. Weka vipande vidogo vya karatasi kila inapobadilika, kisha upige picha utuwekee hapa. Ukiweza kumulika ndani kwa simu, piga na picha ya fito, tuone kama zina mabonde.